Babu Kobe Kwenye Kona ya Miiba

Hapo zamani za kale, kabla kuku hajahamia kwa binadamu na kabla punda hajakubali kubebeshwa mizigo, wanyama walikuwa na vijiji vyao, majiko yao, na ugomvi wao wa majirani kama sisi tu. Walipika uji, walifagia nyua, walisutana. Na walicheza mpira wa kikapu. Nani anaguna huko nyuma? Walicheza, nimesema! Anayetaka kubisha akabishie kwao, hapa tunasikiliza.

Kiwanja chao kilikuwa chini ya kilima, udongo mgumu uliokanyagwa mpaka ukang'aa. Kila upande palikuwa na mgunga, na kila mgunga umefungwa kikapu kilichotobolewa kitako. Mpira wenyewe waliufinyanga kwa utomvu wa mti wa mpira. Ukiudundisha unausikia: du! du! du!

Na hawakucheza kwa kujifurahisha. Kijiji kilikuwa na kisima kimoja tu. Kila kiangazi kikiingia, timu ya Wakubwa ilipambana na timu ya Wadogo, na watakaotangulia kutia vikapu kumi ndio watakaochota maji kwanza kila asubuhi mpaka mvua irudi. Kila mwaka walishinda Wakubwa. Basi Tembo, Twiga, Nyati, Faru na Kiboko walishuka kisimani, wakanywa, wakaoga humo humo, wakapigana maji kama watoto. Wadogo wakifika wanakuta nini? Tope! Wanalichuja kwa kitambaa, wanakunywa tope jepesi.

Kocha wa Wadogo alikuwa Nguchiro. Alipewa ukocha kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka. Nani apende kufungwa kila mwaka mbele ya wakwe zake? Lakini Nguchiro alikuwa na lake moyoni. Kiangazi kilichopita, kitindamimba wake aitwaye Chiku aliharisha kwa maji yale mpaka akashindwa kushika kikombe. Mtoto alipona, ila mama hakusahau. Kila akiona mawingu yanatawanyika angani, alianza kuhesabu siku za maji safi zilizobaki.

"Mama," Chiku alimwuliza asubuhi moja, "na mwaka huu tutakunywa tena yale ya kahawia?"

"Mwaka huu," Nguchiro akasema, "utakunywa maji unayouona uso wako ndani yake."

Alipokwisha kusema, akaogopa. Maana alikuwa ameahidi, na bado hajui atafanyaje.

Shida yenyewe ilikuwa Twiga. Wakubwa, wakishambuliwa, hawakuhangaika kumfuata mtu. Twiga alisimama chini ya kikapu, wenzake wanne wakajazana katikati mbele yake, basi, kazi imekwisha. Kindi alikuwa na shabaha ya ajabu, maana amekua akirusha kokwa, na angeweza kutia kikapu hata akiwa mbali. Lakini akirusha tu, shingo ya Twiga inachomoza, pwaa! Mpira uko vichakani.

"Tumtekenye," akashauri Sungura.

"Tumpande mgongoni," akasema Pimbi.

"Tumwombe," akasema Digidigi, ambaye alikuwa na adabu sana.

Nguchiro akatikisa kichwa. "Twiga hatuwezi kumtoa sisi. Atatoka mwenyewe."

"Aka! Atoke kwa nini? Pale ana kivuli, hakimbii, hatoki jasho. Yule ni mvivu, Kocha!"

"Ndiyo. Na uvivu wake ndio utakaomtoa." Kisha akamgeukia Kobe, mzee wao wa timu, ambaye miaka yote aliwekwa kikosini ili watimie watano. "Babu Kobe, unaiona kona ile, penye ua wa miiba? Mchezo ukianza, nenda pale ukae. Usisogee."

"Mwanangu," Kobe akajibu, "kusogea sijawahi kukupenda."

"Na kila alfajiri utakuja kurusha mpira kutoka pale. Pale tu. Mahali pengine usijaribu hata kwa utani."

Sungura akacheka mpaka akakaa chini. Lakini Babu Kobe alienda. Aliuweka mpira kwenye ukingo wa gamba, akairudisha shingo ndani polepole, halafu akaitoa ghafla, twap! Mpira wa kwanza ulimpiga Sungura sikioni, naye akaacha kucheka. Wa pili ulienda kwa majirani. Baada ya siku nyingi ukaanza kuingia, si kila mara, lakini unaingia. Nguchiro alisimama pembeni akisema, "Tena, Babu. Tena. Usiwe na haraka." Hilo la kutokuwa na haraka hakuhitaji kulirudia.

Kazi ya kona ilipokamilika, ikabaki kazi ya mdomo. Nguchiro akachemsha karanga, akazifunika kwa kawa, akaenda nyumbani kwa Tembo, kiongozi wa Wakubwa.

"Hodi! Hodi hapa!"

"Karibu, karibu ndani!"

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Watoto hawajambo? Huko shambani? Na yule shangazi yako wa ng'ambo ya kilima, mguu umepoa?"

Tembo alipenda kuamkiwa kuliko alivyopenda miwa. Ukimwamkia, anasimamisha kila kitu, ananyanyua mkonga, anafumba macho, ndipo anaitikia. Maharage yangeweza kuiva hapo katikati.

Uji ukaletwa. Nguchiro akatazama. Wajukuu wa Tembo walikuwa wanaona njaa waziwazi, wanameza mate, lakini hakuna aliyegusa bakuli mpaka mzee alipoonja. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya nyumba zote za Wakubwa: chochote kipite kwanza kwa mkubwa wao. Nguchiro akakumbuka kitu alichokiona uwanjani miaka yote bila kukizingatia, akajificha nyuma ya kikombe ili asionekane anatabasamu.

Halafu akashusha pumzi. "Mzee, kuna maneno kijijini yananikera."

"Maneno gani?"

"Aa, niache tu, Mzee."

"Sema!"

"Wanasema Wakubwa ni Twiga peke yake. Eti ninyi wengine mnasimama tu kama mitungi."

Masikio ya Tembo yakaanza kupepea, pwapu, pwapu. "Nani kasema?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Watu tu, Mzee, si unawajua watu! Mimi nikawaambia nyamazeni. Nikawaambia, siku Mzee Tembo akitamka kila mtu na mtu wake, mtatambua. Kila mmoja amshike wake, amfuate kila aendako, na atakayezembea aonekane. Hapo ndipo tutajua nani mchezaji na nani mtungi."

Tembo akafunua kawa. Akatafuna karanga. Akamwangalia Nguchiro kwa jicho moja.

"Hilo la kila mtu na mtu wake," akasema mwishowe, "mimi ninalo kichwani siku nyingi."

"Najua, Mzee," Nguchiro akasema kwa unyenyekevu. "Nani mwingine angewaza jambo kubwa namna hiyo?"

Jamani, kilemba cha ukoka kile kilimkaa Tembo sawasawa mpaka masikioni. Nguchiro akaaga, akatoka taratibu. Alipopita kona ya njia akatimua mbio mpaka nyumbani.

Siku ya mchezo ikafika. Kijiji kizima kilijaa kandokando ya kiwanja. Refa alikuwa Hondohondo, kwa sababu ya mdomo wake unaosikika mbali. Chiku alikaa mstari wa mbele na kibuyu chake kitupu mapajani. Mama yake alimwona, akageuza uso upesi.

Tembo akasimama mbele ya wenzake. "Leo hakuna kujazana chini ya kikapu! Kila mtu na mtu wake. Atakayemwacha wake atanieleza!"

Nyati, Faru na Kiboko wakatazamana. Twiga, yeye hakupoteza muda. Akawapima Wadogo kwa macho: Digidigi anakimbia, Kindi anarukaruka, Sungura hatulii, Pimbi anajipenyeza. Akamwona Kobe.

"Mimi namchukua Kobe!" akasema, kabla wengine hawajafungua midomo.

Nguchiro akashika kichwa. "Jamani! Babu wa watu na jitu lile? Huko si kuonewa?" Twiga akafurahi, akachezesha kope.

Hoooo! Hondohondo akalia, mchezo ukaanza.

Babu Kobe akaondoka, mguu mmoja, halafu mwingine, akielekea kona ya miiba. Twiga akamfuata.

"Mzee Kobe, mbona unaenda mbali hivyo? Mchezo uko kule!"

"Huku kuna upepo."

"Turudi kule."

"Wewe nenda, baba. Mimi nipo."

Twiga akatamani kurudi, lakini jicho la Tembo lilikuwa kwake. Akasimama kwenye miiba na mtu wake, kama waliooana. Na wengine? Pimbi alimvuta Faru upande mmoja, Sungura akamvuta Nyati upande mwingine. Katikati pakabaki peupe, unaweza kuanika mpunga. Digidigi akampita Kiboko, vup! Akampasia Kindi, Kindi akarusha. Shingo iko wapi? Iko kwenye miiba! Mpira ukazama kikapuni, chwaa!

"Kimoja!" Wadogo wakapiga vigelegele.

Wakubwa wakaanza kushambulia. "Mpira kwa Mzee kwanza!" akapaza sauti Nyati, kama ilivyo desturi yao, maana hakuna aliyerusha kabla Tembo hajaugusa. Nguchiro hakuwa na haja ya kuwalinda wote watano. Akapiga mluzi, na Digidigi na Sungura wakaenda kusimama karibu na Tembo, mlango mmoja ambao kila mpira lazima uupitie. Mpira uko njiani, Digidigi akainama kwa adabu.

"Shikamoo, Mzee!"

Tembo akanyanyua mkonga. Akafumba macho. "Marahaba, mjukuu wangu. Hujam..."

Pap! Sungura kaunyakua. Vup, vup, vup, chwaa!

"Viwili!"

Safari iliyofuata akaja Pimbi. "Shikamoo, Babu!"

"Marahaba, mwanangu. Kwenu..."

Pap!

"Mzee!" akafoka Nyati. "Usiitikie!"

"Nisiitikie? Mtoto aniamkie ninyamaze? Nimelelewa porini mimi?"

"Lakini Mzee, sote tumelelewa porini!"

Usidhani Wakubwa walikaa bure. Mpira ukimfikia Tembo salama, Faru alijitosa mbele kama mlango uliong'oka, na hakuna Mdogo aliyejaribu kusimama njiani. Nao wakatia vikapu. Hata hivyo, Wadogo walipofika vinane, Wakubwa walikuwa na vinne tu. Hapo Tembo akaomba mchezo usimame.

Alikuwa anahema. Lakini msimdharau Tembo, watoto. Alikuwa na majivuno, mjinga hakuwa. Alitazama kona ya miiba, akatazama kikapu kisicho na mlinzi, akatazama tena kona.

"Twiga! Unafanya nini huko?"

"Namlinda mtu wangu, Mzee. Kila mtu na mtu wake."

"Unamlinda asifanye nini? Asisinzie? Rudi chini ya kikapu! Na ninyi nyote rudini katikati. Kobe mwacheni na upepo wake!" Kisha akachuma majani, akaziba masikio yote mawili. Ilihitajika majani mengi.

Mchezo ukageuka. Shikamoo za Digidigi ziligonga majani zikarudi. Twiga akawa mahali pake, shingo juu, pwaa! pwaa! Wakubwa wakafika vitano, saba, vinane. Wadogo wakapata kimoja kwa bahati, mpira uligonga pembe ya Nyati ukaingia. Wakubwa nao wakapata cha tisa. Tisa kwa tisa, na mpira uko kwa Wadogo.

Nguchiro akawaita wachezaji wake pembeni.

"Mpira uende kwa Babu," akasema.

"Kwa Babu?" Sungura akaruka. "Kocha! Mpe Kindi!"

"Kindi anatazamwa na wote watano. Babu hatazamwi na mtu."

"Kwa sababu ni Babu Kobe!"

"Ndiyo," Nguchiro akasema. "Kwa sababu hiyo hiyo."

Ndani ya moyo wake alikuwa anaona alfajiri zile, na mipira yote iliyokwenda kwa majirani. Akamtazama Chiku na kibuyu chake kitupu. Alikuwa anaogopa, nawaambia ukweli, aliogopa kuliko siku zote za maisha yake. Lakini hakubadili neno.

Hoooo!

Digidigi akauchukua mpira. Du! du! du! Akaingia moja kwa moja katikati ya Wakubwa, kama anayetaka kurusha yeye. Nyati akamjia, Faru akamjia, Kiboko akamjia, Tembo akaziba njia, shingo ya Twiga ikateremka kutoka juu. Wote watano juu ya Digidigi mmoja! Na Digidigi, bila hata kugeuka, akautupa mpira nyuma, kwenye kona ya miiba.

Babu Kobe akauweka kwenye ukingo wa gamba.

Twiga akataka kukimbia. "Mwache!" Tembo akamzuia kwa mkonga. "Huyo atarusha nini? Ha! Ha! Ha!" Kiboko akacheka mpaka akaegemea mgunga. Nyati akacheka. Hata baadhi ya Wadogo walicheka, wasio na aibu.

Kobe hakuwa na haraka. Akairudisha shingo ndani, polepole, polepole. Watu wakafikiri amelala.

"Usiwe na haraka, Babu," Nguchiro akanong'ona.

Twap!

Mpira ukapanda, ukapita juu ya mkonga wa Tembo, juu ya pembe za Faru. Twiga akanyoosha shingo, kachelewa! Ukagonga ukingo wa kikapu, du. Ukazunguka. Ukazunguka tena. Kijiji kizima kikaacha kupumua.

Chwaa.

Mbona vigelegele! Sungura alimbusu Babu Kobe kwenye gamba. Digidigi akaomba radhi kwa Wakubwa wote, mmoja mmoja. Nguchiro alikaa chini palepale alipokuwa amesimama, akalia kama mtoto, na hakujali nani anamwona.

Kesho yake asubuhi Wadogo wakatangulia kisimani. Maji yalikuwa yametulia, safi, unahesabu kokoto chini. Chiku akainama, akatazama muda mrefu.

"Mama! Kumbe nina doa puani!"

"Unalo tangu uzaliwe, mwanangu," Nguchiro akasema. "Kunywa."

Nyuma yao walisimama Wakubwa, kila mmoja na ndoo yake, wakisubiri zamu. Tembo alikuwa wa kwanza, na alikuwa amewaza usiku kucha. Akasogea, akasema kwa sauti ya chini ili Twiga asisikie, ila sauti ya chini ya Tembo inasikika kilima cha pili.

"Nguchiro mwanangu, mwakani njoo utufundishe sisi."

"Mzee, mbona nilishawafundisha?"

"Lini?"

"Siku ile ya karanga."

Tembo akafikiri. Masikio yakapepea mara moja, yakasimama. "Kila mtu na mtu wake," akasema polepole. "Ilikuwa yako!"

"Aa, Mzee! Si ulisema unayo kichwani siku nyingi?"

Twiga akacheka kwanza, maana shingoni bado alikuwa na miiba na alihitaji mtu wa kumcheka. Nyati akafuata. Mwishowe Tembo mwenyewe akacheka, kidogo, kwa pembeni ya mdomo.

Chiku akafuta maji kidevuni, akasimama wima kama alivyofundishwa kwao.

"Shikamoo, Babu Tembo!"

Tembo akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akatazama nyuma yake, akaikumbatia ndoo kwa mkonga wote. Alipohakikisha hakuna anayekuja kumnyang'anya kitu, ndipo akaitikia.

"Marahaba, mjukuu wangu."

Haya, mmekisikia kisa, sasa bebeni funzo lake: unayemwacha peke yake kwa kuwa humhesabu, ndiye anayepata nafasi ya kukufunga.